Nje ya Ratiba

Saa tatu asubuhi, mlangoni mwa Ngome Kongwe,
mgeni mmoja tu, kofia pana, magoti mabovu.
Nikafungua domo langu la kila siku:
karibu Mji Mkongwe, jina langu Time.
Kitambulisho kinaning'inia kifuani
na picha ya nilipokuwa bado mwembamba.

Miaka kumi na moja nautembeza mji huu
kama mtu amtembezaye mamake kipofu:
hapa kizingiti, hapa ngazi, hapa pana maji.
Wacheza bao wa Soko Muhogo hawainui hata macho.
Nasema: huu mlango wa Kihindi, una upinde;
huu wa Kiarabu, juu umenyooka,
samaki chini, mnyororo pembeni.
Nasema, na huku nawaza
kama nilizima jiko.

Hurumzi akasimama. Mlango hakuutazama.
Alitazama ukuta ulipobanduka chokaa,
akaweka kiganja juu ya jiwe
kama apimaye homa ya mtoto.
"Mimi natoka Salem," akasema, "Amerika."
Nikasema "Ah!" kama nisemavyo kwa wote.

"Kwetu nako wapo watu kama wewe.
Huvaa makoti ya zamani, hushika taa mchana kweupe,
huwahadithia wageni habari za wachawi walionyongwa.
Na wala hawakuwa wachawi."
Mama yangu Mpemba.
Nikamwambia: hilo usinieleze.

Akacheka, akaegemea baraza, akapumua.
"Lakini bandarini kuna nyumba za matofali,
madirisha yamepangwa kama meno,
na mtembezaji akifika hapo hupunguza sauti,
hutaja Zanzibar.
Pembe, husema. Sandarusi. Ngozi.
Nimelisikia jina hilo tangu utotoni
nikidhani ni nchi ya hadithini, haina njia.
Basi niambie, Time. Sisi tulileta nini?"

Aliuliza kama mtu anayetafuta deni lake daftarini.
Nilikuwa na jibu la mafunzoni, lina tarehe na mikataba.
Likatoka jingine, likatoka kwa bibi:
"Merikani."

Merikani! Neno tulilolivaa
hata likasahau kwao.
Merikani ya mto, merikani ya mbeleko,
merikani ya sanda kwa aliyekosa bafta.
Bibi akisema, "Yule mgumu kama merikani,"
hakukusudia taifa la mtu.

"Naweza kuiona?"

Kule Ng'ambo huwaambia wageni hakuna cha kuona.
Tukavuka Darajani, tukapita mafungu ya ndimu na chaja za simu,
tukatoka nje ya ramani aliyoishika,
mpaka Michenzani, majumba marefu kama treni
lililosahau safari.
Ghorofa ya tatu. Kila ngazi sita, Edna alipumzika,
na watoto wakamhesabia.

Shangazi Kazija alikuwa akichambua mchele.
Nikamweleza. Akanitazama mimi, akamtazama mgeni.
"Katoka huko kote kuja kuangalia mto?"
Lakini aliinuka. Akavua foronya ya maua,
na chini yake, kitambaa kimepiga manjano,
usufi umejitia vifundo, mshono wa mkono,
na doa ambalo hakuna aliyelitaja.

Edna akaukalisha mapajani.
Akapitisha kidole juu ya uzi, polepole,
kama asomaye barua ya mtu aliyekwisha kufa.
Macho yakamjaa.

"Ya China hii," Shangazi akasema, akirudi kwenye ungo wake.
"Ile ya zamani ilililiwa na panya mwaka wa mvua kubwa."

"Anasemaje?"

Nikatazama dirishani. Mtu alikuwa akianika shuka.

"Anasema karibu chakula."

Tukala wali na mchicha, na mto ukabaki mapajani.
Nilirudi nyumbani jua limeshashuka,
nikiwaza mtu huko Salem, koti la zamani, taa mkononi,
anafika bandarini, anapunguza sauti,
anatutaja.

Jiko nilikuwa nimelizima.